Benki ipimwe kwa hesabu zake, si kwa jengo wala jamaa

WAFANYABIASHARA wengi nchini Tanzania humchunguza mteja anayetaka mali kwa mkopo kwa makini zaidi kuliko wanavyoichunguza benki wanayoikabidhi fedha zao. Mwenye duka la jumla Kariakoo hampi mgeni mzigo wa Sh. milioni 5 kabla ya kuuliza anatoka wapi, anadaiwa na nani na mara ya mwisho alilipa lini. Lakini mtu huyo huyo hupeleka Sh. milioni 50 benki kwa sababu tawi liko ng'ambo ya barabara, foleni ni fupi, meneja ni mtu wa kwao, au kwa sababu benki hiyo ndiyo iliyotangaza riba kubwa kuliko nyingine.

Huo ni ukopeshaji wa macho yaliyofumbwa. Kuweka fedha benki si kuzifungia kabatini. Ni kuikopesha benki. Noti zikishapita dirisha la keshia si mali ya mteja tena. Kinachobaki mkononi mwake ni deni ambalo benki imeahidi kulilipa atakapolihitaji, au siku ya makubaliano ikifika. Benki nayo huzikopesha fedha hizo kwa mwingine, au hununua dhamana za serikali, au huziweka katika benki nyenzake. Waliokopeshwa wakilipa, mwenye amana hulala usingizi. Wasipolipa, anaweza kujikuta kwenye foleni ambayo hakuna karani wa kuifupisha.

Kwa hiyo swali la kwanza la mfanyabiashara anayechagua benki halipaswi kuwa "Wanatoa riba kiasi gani?" wala "Wananikopesha lini?" Swali la kwanza ni hili: benki hii ikifungwa kesho asubuhi, atapata kiasi gani, na lini?

Mazoea ya benki moja

Chanzo cha kutojali huku kinaeleweka. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki binafsi yalitaifishwa na National Bank of Commerce, NBC, ikaundwa. Kwa zaidi ya miaka 25 mfanyabiashara wa Bara hakuwa na la kuchagua. Vilikuwapo vyombo vingine, kama vile benki ya maendeleo vijijini iliyoanzishwa mwaka 1971 na baadaye kuwa CRDB, na benki ya akiba ya posta. Lakini kila kimoja kilipewa kazi yake, na hundi ya mfanyabiashara ilipita NBC.

NBC ilizikopesha bodi za mazao, vyama vikuu vya ushirika na mashirika ya umma. Mingi ya mikopo hiyo haikurudi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyewahi kuwa Gavana wa Benki Kuu, iliundwa mwaka 1988 kuchunguza mfumo mzima wa fedha na mabenki. Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991, iliyofungua mlango kwa mabenki binafsi. Mwaka huo huo kikaundwa chombo cha kukusanya madeni mabaya ya mabenki ya umma, LART.

Jambo la kukumbuka katika historia hiyo ni hili: mwenye akaunti hakuambiwa kwamba fedha zake zimepotea. Hasara ilibebwa na Hazina, yaani na mlipa kodi. Kizazi kizima kikajifunza kwamba benki ni serikali, na serikali haifilisiki.

Somo hilo lilipitwa na wakati haraka. Mwaka 1993 mabenki ya kwanza ya kigeni yalifungua milango, miongoni mwao Standard Chartered na Meridien BIAO. Miaka miwili tu baadaye, 1995, Meridien BIAO ilianguka katika nchi mbalimbali za Afrika, na shughuli zake za Tanzania zikachukuliwa na Stanbic. Mwaka 1999 Greenland Bank ya Uganda ilipoanguka, kampuni yake tanzu ya Tanzania ilianguka nayo.

Wakati huo huo mabenki ya umma nayo yalikuwa yanabadilisha wenyewe. CRDB ilibinafsishwa mwaka 1996. NBC iligawanywa mwaka 1997, ikazaa NBC mpya na NMB. NBC iliuzwa kwa Absa ya Afrika Kusini mwaka 2000, serikali ikibaki na asilimia 30. Mwaka 2005 wawekezaji wakiongozwa na Rabobank ya Uholanzi walinunua asilimia 49 ya NMB. Majina ya zamani yalibaki ukutani, lakini yule mdhamini wa zamani aliyelipa kila hasara alikuwa ameondoka.

Somo la Januari 2018

Aliyekuwa bado anaamini kwamba benki haifi aliamka Januari 4, 2018. Siku hiyo Benki Kuu ya Tanzania, BoT, ilifuta leseni za taasisi tano kwa mpigo: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja, upungufu wa mtaji kinyume cha sheria. Miezi minane kabla, Mei 2017, ilikuwa imefungwa Benki ya Wananchi Mbinga.

Majina yenyewe yanasema wateja walikuwa nani. Ni wakulima wa kahawa, wenye maduka ya wilayani, akina mama wa sokoni, watumishi na waumini. Wengi wao walichagua benki hizo kwa sababu nzuri kabisa: zilikuwa karibu, ziliwajua kwa majina, na ziliwakopesha wakati mabenki makubwa yalikuwa hayawaoni.

Bodi ya Bima ya Amana, chombo kinachowalipa wenye amana benki inapofungwa, wakati huo ilikuwa na kinga isiyozidi Sh. milioni 1.5 kwa kila mwenye amana katika benki moja. Aliyekuwa na Sh. milioni 1 alikuwa na haki ya kulipwa zote. Aliyekuwa na Sh. milioni 10 alikuwa na haki ya Sh. milioni 1.5 kwanza. Sh. milioni 8.5 zilizobaki ziliingia kwenye ufilisi. Ufilisi maana yake ni kwamba mfilisi anawafuata waliokopa, anauza magari, samani na majengo, kisha anagawa kinachopatikana kwa mafungu. Kazi hiyo haina tarehe ya mwisho inayoweza kuandikwa kwenye oda ya mzigo.

Kinga hiyo imepandishwa. Tangu mwaka 2023 ni Sh. milioni 7.5. Ni nafuu kubwa kwa mwenye genge na mwenye duka dogo, ambao sasa akiba yao yote inaweza kuwa ndani ya kinga. Lakini kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi au mnunuzi wa mazao anayekusanya fedha za msimu, Sh. milioni 7.5 ni mauzo ya siku chache. Fedha zake nyingi bado ziko nje ya kinga, na hapo hana budi kuwa mkaguzi wake mwenyewe.

Benki yenye mrithi na isiyo na mrithi

Si kila benki iliyotetereka ilifungwa. Twiga Bancorp, iliyokuwa mali ya serikali, iliwekwa chini ya usimamizi wa BoT Oktoba 2016, na mwaka 2018 ikaunganishwa na TPB, ambayo leo inaitwa TCB. Benki ya Wanawake nayo iliingizwa TPB mwaka huo huo. Bank M ilichukuliwa na BoT Agosti 2018 kwa upungufu wa ukwasi, na Januari 2019 mali na madeni yake yakahamishiwa Azania Bank. China Commercial Bank ilichukuliwa Novemba 2020, na mwaka 2021 shughuli zake zikahamishiwa NMB.

Tofauti ni kubwa. Amana inapohamishwa, deni la mwenye amana linapata mdaiwa mpya aliye hai. Anaweza kusubiri kwa miezi wakati milango imefungwa, na biashara ikaumia, lakini hajawa mdai wa marehemu. Benki inapofutiwa leseni na kufilisiwa, mwenye amana kubwa hubaki na kinga ya bodi na matumaini.

Kinachotenganisha makundi haya mawili si huruma. Benki inayomilikiwa na serikali ina mwenyewe anayeweza kuamua iunganishwe. Benki kubwa ikiachwa ife huweza kuyatikisa mengine, hivyo hutafutiwa njia. Benki yenye wateja au vitabu vinavyotamanika humpata mnunuzi. Ile ndogo ya wilayani, isiyo na mojawapo ya hayo, ndiyo hubaki bila mrithi. Matokeo yake ni kwamba kuanguka kwa benki kulimuuma zaidi yule ambaye alikuwa na nguvu kidogo za kuvumilia.

Hilo si hukumu kwa benki zote ndogo. Mwaka 2020 Benki ya Wananchi Mwanga, Hakika Microfinance na EFC ziliungana zikawa Mwanga Hakika, njia ya busara ya kupata mtaji kabla ya kusukumwa. Lakini mwenye fedha anayeweka amana kubwa katika benki ndogo lazima ajiulize nani ataichukua ikishindwa. Kama jibu ni "hajulikani", basi amana yake isizidi kinga.

Riba kubwa ina bei yake

Kishawishi kikubwa cha wenye akiba ni riba ya amana za muda maalumu. Benki yenye njaa ya fedha hutangaza riba ya juu kuliko wenzake, na mtu akaona ni bahati. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha bei ya bahati hiyo.

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye Sh. milioni 20. Benki moja imara inampa asilimia 8 kwa mwaka. Nyingine, ndogo na changa, inampa asilimia 12. Tofauti ni asilimia 4, yaani Sh. 800,000. Ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, kinachobaki ni Sh. 720,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo zawadi yake yote.

Sasa hesabu ya upande wa pili. Benki hiyo ikifungwa, Sh. milioni 7.5 zina kinga. Sh. milioni 12.5 zinaingia kwenye ufilisi. Zikipotea zote, itamlazimu kukusanya ile tofauti ya Sh. 720,000 kwa miaka 17 ili tu arudi pale alipoanzia. Zikipotea nusu, bado ni zaidi ya miaka minane. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Katika biashara ya amana, msemo huo una tarakimu.

Haimaanishi kwamba kila riba nzuri ni mtego. Wenye fedha nyingi hupatana na benki na kupewa zaidi ya bei ya tangazo, na hilo ni jambo la kawaida. Dalili mbaya ni benki inayowapita wenzake kwa mbali, kwa kila mteja, robo baada ya robo. Benki ya namna hiyo inalipa zaidi kwa sababu wenye kuijua wamekataa kuikopesha kwa bei ya soko.

Mistari mitano ya kusoma

Sheria inazitaka benki kuchapisha hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Wengi huzitumia kurasa hizo kufungia bidhaa. Ni hasara, maana mwenye kujua mistari mitano tu huweza kupata picha ya kutosha kwa nusu saa. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la benki liko gazetini.

Mstari wa kwanza ni mikopo isiyolipika ikilinganishwa na mikopo yote. BoT imekuwa ikiyahimiza mabenki yashuke hadi asilimia 5 au chini yake. Benki yenye asilimia 3 inalala. Yenye asilimia 10 ina homa. Yenye asilimia 20 haihitaji mteja mpya bali daktari.

Mstari wa pili ni mtaji. Kanuni zinataka mtaji halisi usipungue asilimia 10, na mtaji wote usipungue asilimia 12, ya mali zilizopimwa kwa hatari zake. Jedwali la gazetini huonyesha mtaji wa wenye hisa dhidi ya mali zote, kipimo ambacho si sawasawa na kile cha kisheria, lakini mwelekeo wake haudanganyi. Mtaji ukipungua robo tatu mfululizo, hasara inaula. Ndiyo sababu iliyozifunga zile tano za 2018.

Mstari wa tatu ni mikopo dhidi ya amana. Benki iliyokopesha karibu kila shilingi iliyowekewa hubaki na kidogo mkononi. Kanuni zinataka mali zinazogeuka taslimu upesi zisipungue asilimia 20 ya madai yanayoweza kuja wakati wowote. Bank M haikuchukuliwa kwa sababu ya kukosa wateja wakubwa. Ilichukuliwa kwa sababu ya ukwasi.

Mstari wa nne ni ukuaji wa amana. Amana zikishuka robo moja, huenda ni msimu wa mazao au mteja mmoja mkubwa ameondoka. Zikishuka robo mbili au tatu mfululizo wakati za wenzake zinapanda, wenye habari wameanza kuondoka kimya kimya.

Mstari wa tano ni faida. Hapa si ukubwa wa faida unaotakiwa kutazamwa bali mtiririko wake. Benki inayopata kidogo kila robo ni salama kuliko ile inayotangaza faida kubwa robo hii na hasara robo ijayo. Mistari yote mitano isomwe kwa robo nne zilizopita, na ilinganishwe na benki nyingine mbili za ukubwa unaokaribiana. Tarakimu moja peke yake haisemi kitu.

Hesabu nazo zina mipaka

Ni lazima kusema kwamba hesabu zilizochapishwa hazioni kila kitu. Mfano wa karibu ni Imperial Bank ya Kenya. Ilionekana benki yenye afya na faida hadi Oktoba 2015, ilipowekwa chini ya usimamizi muda mfupi baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki na udanganyifu wa miaka mingi kufichuka. Dubai Bank ya huko huko ilikuwa imefungwa Agosti mwaka huo, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Wafanyabiashara wa mpakani, Namanga na Tarakea, wanaozungusha fedha pande zote mbili, wanazikumbuka siku hizo.

Aidha, pigo linaweza kutoka mbali. FBME, benki iliyosajiliwa Dar es Salaam lakini sehemu kubwa ya shughuli zake ikiwa Cyprus, ilitajwa na mamlaka za fedha za Marekani Julai 2014 kuhusiana na utakatishaji wa fedha. Mwezi huo huo BoT ikaichukua, na Mei 2017 ikafutiwa leseni. Benki ikikatwa njia ya dola, TT ya kwenda Guangzhou au Dubai haiendi, hata kama vitabu vyake vya shilingi ni safi.

Kwa kuwa hesabu haziwezi kumlinda mtu dhidi ya udanganyifu, kinga ya pili ni kugawa. Na kugawa si kutawanya ovyo katika benki tano. Ni kugawa fedha kwa kazi zake.

Kila fedha na kazi yake

Fedha za mzunguko, zile zinazoingia na kutoka kila siku, zikae katika benki yenye matawi na mawakala wengi, mtandao usiokatika, na njia ya uhakika ya kutuma nje kwa anayeagiza mali. Hapa riba haina maana. Kinachotakiwa ni kasi na uhakika. Mwagizaji aulize wazi: benki hii hutuma dola kupitia benki gani ya nje, na LC zake zinapokelewa wapi bila kudaiwa uthibitisho wa benki ya tatu?

Fedha za akiba, zile ambazo hazitaguswa kwa miezi sita au zaidi, hazilazimiki kukaa benki hata kidogo. BoT huuza kwa mnada dhamana za serikali za siku 35, 91, 182 na 364, kuanzia Sh. 500,000, na hatifungani za miaka mingi kuanzia Sh. milioni 1. Mnunuzi hupitia benki au wakala aliyeidhinishwa, lakini mdaiwa wake ni serikali, si benki hiyo. Benki ikifa, hati yake imeandikwa kwa jina lake katika daftari la BoT. Kwa mwenye Sh. milioni 20 aliyetajwa hapo juu, hiyo ni njia bora kuliko kufuata asilimia 4 za nyongeza.

Fedha za mkopo ni jambo jingine. Hapo benki ndogo inaweza kuwa bora kuliko kubwa, kwa sababu inamjua mkopaji na kuamua haraka. Na ukweli mmoja husahaulika: benki ikianguka, anayedaiwa nayo haumii kama anayeidai. Mkataba wake wa mkopo unabaki, naye ataendelea kulipa kwa mfilisi au kwa benki iliyoununua. Kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kabisa kukopa kwa ndogo na kuweka kwa kubwa. Ndogo ikimtaka apitishe mauzo kwao, apitishe, lakini salio la jioni lisizidi kinga.

Anayekopa naye ana hesabu yake. Asilimia 18 si asilimia 18 kila mahali. Mkopo wa Sh. milioni 12 wa mwaka mmoja, ukitozwa asilimia 18 kwa mkopo wote bila kujali kilichokwisha kulipwa, una riba ya Sh. 2,160,000. Mkopo huo huo ukitozwa asilimia 18 kwa salio linalopungua, kwa malipo sawa ya kila mwezi, riba yake ni takribani Sh. 1,202,000. Tangazo ni moja, tofauti ni karibu Sh. 960,000. Asiyeuliza riba inahesabiwa vipi ndiye anayelipa tofauti hiyo. Wajinga ndio waliwao.

Yako pia maeneo ambayo watu huyaita benki lakini si benki. SACCOS na vikundi vya VICOBA vina faida yake katika kukopeshana na kujengana, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka katika madaraja ya tatu na ya nne ya usimamizi. Lakini kinga ya Bodi ya Bima ya Amana haiko huko. Hisa na akiba za mwanachama zinalindwa na uaminifu wa viongozi na ukali wa mkutano mkuu, basi.

Mwenye hisa yuko nyuma ya foleni

Wawekezaji wadogo wanaonunua hisa za mabenki katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, nao hawana budi kutambua nafasi yao. NMB iliorodheshwa mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009, na hizo ndizo benki kubwa kuliko zote nchini. Lakini kuorodheshwa sokoni si cheti cha uzima. Yetu Microfinance Bank ilikuwa sokoni hapo hapo ilipowekwa chini ya usimamizi wa BoT Desemba 2022 kwa upungufu wa ukwasi.

Mwenye amana ni mdai. Mwenye hisa ni mwenye mali, na mwenye mali hulipwa mwisho, baada ya wadai wote. Mtu aliyeweka akiba yake yote katika benki moja, kisha akanunua hisa za benki hiyo hiyo kwa sababu "anaijua", hajagawa kitu. Siku ya mkasa atapigwa mara mbili kwa fimbo moja.

Kinachodaiwa kwa Benki Kuu

Mzigo wote huu haufai kumwangukia mwenye duka peke yake. BoT ilipandisha kinga ya amana, na hilo ni jema. Limebaki jambo dogo lisilohitaji bajeti. Hesabu za robo mwaka kwa kawaida huchapishwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, hata katika magazeti ya Kiswahili. Muuza nafaka wa Kibaigwa au mvuvi wa Mwanza anaambiwa asome hesabu za benki yake, kisha anapewa hesabu ambazo hazikuandikwa kwa ajili yake.

Ile mistari mitano inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi moja, na kubandikwa mlangoni pa kila tawi na kwa kila wakala: mikopo isiyolipika asilimia kadhaa, mtaji asilimia kadhaa, kinga ya amana Sh. milioni 7.5 na hakuna zaidi. Benki imara haitaona aibu. Ile itakayolalamika itakuwa imejibu swali.

Wapo watakaosema karatasi kama hiyo italeta hofu na watu wakimbilie fedha zao. Lakini wateja wa Meru, Njombe na Kagera hawakuwa na hofu yoyote asubuhi ya Januari 4, 2018. Walikuwa na vitabu vya akiba mkononi na milango iliyofungwa mbele yao. Ukimya haukuwasaidia.

Mpaka siku karatasi hiyo itakapobandikwa, mfanyabiashara hana njia ya mkato. Aombe tawini hesabu za robo nne. Asome mistari mitano, na asipoelewa amwite kijana wake wa shule amsaidie. Aandike kila benki anayoweka fedha na salio lililomo, kisha apige mstari kwenye Sh. milioni 7.5. Kilicho juu ya mstari huo ni mkopo aliotoa bila dhamana, na asikubali kuutoa kwa mtu ambaye hajaona vitabu vyake.